Mahari ya Karatasi za Bizari

Sinia la posa likiingia nyumbani kwa watu, desturi ni lifunuliwe na wakubwa, mwari naye akae chumbani ajitie hana habari. Wardah hakuweza kungoja. Alikuwa peke yake jikoni, sinia limetuliwa mezani linanuka udi na iliki hadi uani, akasema moyoni mwake, niinue pembe moja tu ya kitambaa nione Yeslam amenichagulia nini. Akainua. Mkono wake ukabaki hewani.

Mlikuwa na udi, mlikuwa na ubani, mlikuwa na vifurushi vya viungo vilivyovishwa karatasi ya kumeta na kufungwa utepe mwekundu. Lakini Bi Kuluthum, mamake Yeslam, ni mwanamke asiyetupa kitu. Chini ya ile karatasi ya kumeta, pale utepe ulipolegea, iliki ilikuwa imekunjwa kwa karatasi ya kitabu kikuukuu, kama wanavyofungia bizari dukani kwake tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Na pembeni mwa ile chapa palikuwa na maneno ya penseli: Hapa nimeshindwa. Nirudie kesho inshallah.

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Ili ujue mwandiko ule ulifikaje pale, ujue kwanza karatasi ile ilikotoka. Zamani kidogo Wardah alitumwa bizari ya pilau kwenye duka la Bi Kuluthum, karibu na soko la Likoni. Alipofika kwao, mtaa wa Bofu, akaikunjua, akaona imeandikwa: Huna meza? Andika gotini. Huna chumba? Andika jikoni, watu wakidhani unapembua mchele. Akaisoma amesimama hadi kitunguu kikaungua. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha kumwongoza mtu anayetaka kuwa mwandishi, na Wardah alikuwa akilitaka jambo hilo tangu yuko darasani, ila hakujua kwamba lina njia ya kufundishwa. Siku ya pili akarudi dukani. Kijana aliyekuwa kwenye mizani, mrefu, mpole, kofia imelala upande, akamuuliza anataka nini.

"Ukurasa unaofuata," Wardah akasema.

"Na bizari?"

"Bizari ni kisingizio. Tia kidogo."

Yeslam hakumcheka. Aliinama kwenye rundo la karatasi wanazonunua kwa kilo, akapekua huku wateja wakinung'unika, akaupata. Basi ikawa ndiyo kazi yao. Kitabu hakikuwa na jalada, hakuna aliyejua jina lake wala nani alikiandika, na Wardah alikisoma ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa na bizari yake, mpaka mamake, Bi Johari, akamuuliza kama wanafungua hoteli. Kurasa zilipokuwa nyingi Yeslam akazishona kwa sindano ya magunia. Kisha akaanza kumtafutia na vingine vya namna hiyo, vya kufundisha kupanga kisa, vya kufundisha mazungumzo, vya waandishi wakongwe wakiwatia moyo wanaoanza. Kila mzigo wa karatasi ulipoingia dukani, yeye ndiye wa kwanza kuuchambua. Hakuwahi kumwambia nakupenda. Alimwambia, "Nimekuwekea." Na mwanamke wa kuelewa, alielewa.

Vitabu vile vilijaa katoni ya mafuta ya kupikia, na katoni ilikaa chini ya kitanda. Wardah akaacha sinia wazi, akaenda chumbani, akapiga magoti. Chini ya kitanda palikuwa na viatu na mkeka.

"Mama."

Bi Johari alikuwa mbele ya kioo akijitengeneza mtandio. Alimwona bintiye kwenye kioo, na mikono yake ikapunguza kasi.

"Usinitazame hivyo. Wageni wamo ndani."

"Katoni yangu i wapi?"

Bi Johari akaanza kwa mbali, kama aanzavyo mtu mwenye makosa. Alimkumbusha ile hadithi ya Wardah iliyosomwa redioni, ya mavyaa aliyemfungia mke wa mwanawe sukari kabatini. Wardah aliitoa kichwani mwake tu. Lakini Bi Kuluthum naye sukari yake huifungia kabatini, na ufunguo huufunga kwenye pindo la leso, na Likoni nzima ilijua hivyo isipokuwa Wardah. Tangu siku ile Bi Kuluthum alitia sharti: mwari namtaka, ana adabu na ana uso, lakini nyumbani kwangu haingii mtu wa kuandika mambo ya watu. Vitabu avitoe, kalamu aiache kwao. Wardah aliomba muda wa kufikiri. Bi Johari hakuona kuna la kufikiri. Akaibeba katoni mwenyewe, akaipeleka dukani, iwe alama kwamba mtoto ametii.

"Nilimwambia umeshaviacha," akasema. "Nilidhani atavitia stoo. Sikujua atafungia iliki."

"Ulimwambia mimi nimeviacha."

"Nilimwambia ili uolewe, mwanangu. Babako hayupo. Mimi hii miguu imefura kwa kusimama na karai la mahamri. Nikifa leo nakuachia nani? Hivyo vitabu?"

Wardah akaitazama ile miguu, na ilikuwa imefura kweli. Mama mwenye binti na asikie hapa. Hofu ukiipa jina la mapenzi, itakutuma uende ukagawe kisichokuwa chako, tena utarudi nyumbani ukijisifu.

Akarudi jikoni. Dirisha la pale lina vyuma na linatazama kichochoroni, na kichochoroni palikuwa na gari la kina Yeslam, na Yeslam mwenyewe ameliegemea. Kwa desturi bwana harusi hafiki siku ya kupokea jibu la posa, lakini wazee wao walitaka dereva, na dereva ni yeye. Alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na kofia kama kawaida imelala upande. Aliposikia dirisha akageuka, na macho yake yakafanya vile yafanyavyo akisema nimekuwekea. Wardah alikuja na maneno makali mdomoni. Akaviona vidole vyake vya manjano, manjano ya bizari isiyotoka hata kwa sabuni ya Ijumaa, na ukali wote ukashuka kifuani ukawa maumivu.

Akampitishia ile karatasi kati ya vyuma.

Yeslam akaitazama. Hakuuliza ni nini, na hapo ndipo Wardah alipojua.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuta wameshaanza kuchana. Vile vizima niliviondoa, nikavificha stoo nyuma ya magunia. Kile tulichokishona ndicho kilichokuwa kimeshaanza kutoka." Akashika chuma cha dirisha. "Wardah, tuoane kwanza. Mama ni mtu wa maneno, atatulia. Nitakununulia vingine, vipya, vina majalada."

"Vipya havina penseli yangu. Wala uzi wako."

"Sasa nifanyeje? Ni mama yule."

"Sijakwambia umtupe. Nauliza ulimwambia nini."

Yeslam akatazama viatu vyake. Hakuwa amemwambia kitu. Alikuwa mwanamume awezaye kumpekulia mtu gunia zima la karatasi kwa ajili ya ukurasa mmoja, lakini mbele ya mamake ulimi wake ulirudi ndani kama kichwa cha kobe. Na wasichana wengi wamezeeka wakingoja kichwa cha namna hiyo kitoke.

"Dukani ulinipa ukurasa mmoja mmoja," Wardah akasema, "nami nikangoja kwa raha zangu. Lakini maisha yangu siyangoji hivyo, Yeslam. Leo karatasi, kesho karatasi, na kesho kutwa naambiwa iliyobaki wameshaifungia bizari."

Alitaka kumgusa kile kidole cha manjano kilichoshika chuma cha dirisha. Hakukigusa. Ndani sauti ya ami yake ikaita.

"Wardah."

"Abee, ami."

Ami Khatibu ni mdogo wa marehemu babake, mwalimu wa madrasa, na ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Alikuwa amesimama penye pazia linalogawa sebule ya wanaume na chumba cha wanawake. Ndani ya chumba Bi Kuluthum alikaa katikati ya nduguze wawili, dhahabu mikononi hadi karibu na viwiko, na Bi Johari kwenye ncha ya kiti kama mgeni nyumbani kwake. Ami akamwambia Wardah kwamba wazee wameshaelewana, dua imeshasomwa, limebaki jambo la mahari, nalo ni lake yeye mwenyewe na hakuna wa kumsemea. Ataje anachokitaka.

Bi Kuluthum akadakia kwa sauti ya asali. Mwari asijisumbue, akasema, wao wameshaandaa seti ya dhahabu. Na kama haya zinamshika, basi kimya chake kinatosha, maana kimya cha mwari ni ridhaa.

"Dhahabu sitaki, ami," Wardah akasema.

Bangili za Bi Kuluthum zikaacha kulia.

"Wataka nini, mwanangu?"

"Vitabu."

Uso wa Ami Khatibu ukang'aa. Akawageukia wanawake. "Mashallah. Mmesikia? Vitabu vya dini."

"Vya kufundisha kuandika hadithi, ami. Vile vilivyokuwa chini ya kitanda changu. Vyote, pamoja na hicho kinachofungiwa bizari dukani kwa Bi Kuluthum."

Hakuna mtu mle chumbani asiyejua hukumu ya mahari. Mahari ni mali ya mke. Mume haigusi bila ruhusa yake, mavyaa haigusi, hata baba aliyemzaa haigusi. Kitu kikiingia nyumba kwa jina hilo, hakuna mkono wa kukitoa. Bi Kuluthum, aliyezaliwa dukani na kukulia dukani, ndiye aliyeelewa wa kwanza, na uso wake ukawa wa mtu aliyeuziwa bidhaa yake mwenyewe.

"Huyu ananichezea," akasema. "Hivyo vitabu nilipewa. Mamake alivileta kwa mikono yake."

"Ni kweli," Wardah akasema. "Ndiyo maana ni vyenu, na ndiyo maana mwaweza kunipa."

Dada mmoja wa Bi Kuluthum akajificha uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Msidhani Wardah alisema vile kwa kuwa haogopi. Alijua kwamba neno lile moja laweza kumfungia mlango wa Yeslam mpaka mwisho wa umri wake, na alijua mamake ameshika ncha ya kiti ili asianguke. Alilisema na hofu yake yote ikiwa nayo mdomoni.

"Mwalimu Khatibu, mfunzeni mtoto wenu," Bi Kuluthum akasema.

Ami Khatibu akajikuna ndevu. Somo la mahari amelisomesha miaka na miaka, na hakuweza kulifuta leo kwa ajili ya bangili za mtu. Akasema pole pole kwamba mahari yaweza kuwa hata pete ya chuma, kutaja ni haki ya mwari, na kazi yake yeye ni kufikisha. Akapita pazia, akafikisha. Upande wa pili pakapigwa kicheko, mzee mmoja akauliza kama bibi harusi ni mzima, kisha pakatulia. Ami akasema bwana harusi mwenyewe yuko nje, na aitwe aulizwe.

Wardah akasikia mlango, akasikia kanzu ikiingia. Hakuwa akimwona, ila alijua amesimama wapi, kwa kuwa zulia la pale lina sehemu iliyokunjana na kila mgeni hujikwaa. Ami akamuuliza Yeslam kama ameikubali mahari ile. Yeslam akanyamaza. Kimya cha mwari kina maana yake na watu wameisoma. Kimya cha mwanamume hakuna chuo kilichokifasiri.

"Yeslam," Bi Kuluthum akaita kutoka ndani, "mwambie mwalimu sisi hatutoi takataka kuwa mahari."

"Mama," Yeslam akasema, "naomba ufunguo wa stoo."

Mkono wa Bi Kuluthum ukaenda wenyewe kwenye pindo la leso lililochungulia chini ya baibui. "Sinao."

"Basi nitavunja kufuli. Kesho nitatia jingine."

Hakupaza sauti. Lakini Wardah hakuwahi kuisikia sauti yake ikiwa nzito kiasi kile, na alishika ukuta. Mlango ukafungwa, na kichochoroni gari likawaka.

Bi Kuluthum akainuka kwa kishindo, nduguze wakamfuata. Wakatoka hadi barazani, wakasimama. Gari lililowaleta ndilo lile lililokwisha kata kona. Tuktuk zilikuwa zikipita, lakini Bi Kuluthum wa duka la Likoni, na dhahabu zile, hakuwa mtu wa kuonekana akitoka kwenye posa ndani ya tuktuk. Ikabidi arudi, akakae pale pale alipoinuka. Bi Johari, kwa kutojua aifanyie nini mikono yake, akapika chai na kuitia ile ile iliki ya kwenye sinia.

Wakanywa. Kisha Bi Kuluthum akaweka kikombe chini, akamtazama Wardah, na sauti ya asali haikuwepo tena.

"Niambie kweli. Ukiingia nyumbani kwangu utaniandika?"

Kile kitabu kilikuwa na neno juu ya hilo: Anayekukataza kuandika usimchukie, mtie kwenye hadithi. Wardah hakulisema.

"Ile ya sukari, wallahi sikujua kama ni wewe."

"Na sasa umejua."

"Sasa nimejua. Kama hutaki kuandikwa, Bi Kuluthum, usinipe kisa."

Yule dada akapaliwa na chai. Bi Johari akafumba macho. Bi Kuluthum aligeuza kikombe chake mara mbili kwenye kisahani kabla ya kusema.

"Nilifiwa na mume Yeslam anatambaa," akasema. "Sukari ile niliifungia kwa kuwa ilikuwa haitoshi. Ndiyo nikazoea. Redioni hukulisema hilo."

Wardah akajihisi amechomwa, maana lilikuwa kweli. "Sikulijua. Ungenambia ningelisema."

"Lakini ungeandika vile vile."

"Ningeandika vile vile, mama. Ningeandika vizuri zaidi."

Lilimtoka tu lile neno mama, na wote wawili walilisikia likidondoka katikati ya vikombe. Hakuna aliyeliokota.

Maghribi ilikuwa inakaribia wakati gari liliporudi. Yeslam aliingia na katoni begani, kanzu imechirizika manjano toka shingoni hadi magotini, kiganja kimefungwa leso ya mfukoni iliyoingia damu. Akaitua katoni penye pazia, miguuni pa Ami Khatibu, akasema kwa sauti ya kufika ndani.

"Vile vizima vyote vimo. Kile tulichokishona, kurasa za mwanzo hazimo, zimekwenda na bizari za watu. Nitapita nyumba kwa nyumba, Bofu hii, Mtongwe, kokote alikotoka mteja wetu. Naikubali mahari. Niozesheni."

Ami Khatibu akasogeza mdomo kwenye pazia. "Wardah, mwanangu, umemsikia. Umeridhia?"

Wote wakangoja kile kimya. Bi Johari akamshika bintiye mkono na kuuminya, kumkumbusha kwamba hapa ndipo pa kunyamaza, hapa tu, basi. Wardah akauminya wa mamake naye, kwa upole, kisha akauachia.

"Kurasa zikitimia, ami. Si kabla."

Mzee wa upande wa pili akaanza kuguna, lakini Yeslam akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza siku ile, kile cha chini chini cha nyuma ya mizani.

"Ukurasa unaofuata," akasema pole pole, kama mtu anayejisemea, na Wardah akaupeleka mkono kwenye pazia, akaugusa upande wake wa kitambaa.

Bi Kuluthum akainuka, akataka sinia liletwe. Likaletwa. Akakifungua kifurushi cha karafuu, akazimwaga kisahanini. Akafungua cha mdalasini, akafungua cha pilipili manga, bila haraka, kama mtu aliye dukani kwake. Kila karatasi aliiweka pajani akainyoosha kwa kiganja mikunjo ikalala, kisha akaenda kuziweka zote juu ya katoni.

"Isije ikasemwa mimi ndiye niliyeizuia ndoa," akasema.

Akajifunika ushungi, akapeana mikono na Bi Johari, akafika mlangoni. Hapo akageuka, kidole chenye pete kikamnyookea Wardah.

"Na hili usiliandike."

Wardah akainamisha uso, kimya, kama mwari anavyotakiwa. Alikuwa akitafuta penseli.